Shahidi Asiye na Karatasi

Kusahihisha neno la mtu mwingine ni kazi ya hatari. Msemaji hulipenda neno lake kama mzazi ampendavyo mtoto, na mwenye kulisahihisha huonekana kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Kwa sababu hiyo watu wengi wenye adabu hunyamaza wasikiapo kosa, na kosa likaishi miaka mingi kwa hisani ya adabu zao. Kitabu kilizidisha hali hiyo. Kosa lililokwisha kupigwa chapa haliwezi kuondolewa ila kwa chapa ya pili, na chapa ya pili ina gharama ambayo kosa moja aghalabu halistahili. Katika miaka hii, walakini, imezuka kamusi elezo ambayo msingi wake ni kinyume cha hayo yote. Humo kila msomaji amepewa kalamu, na kusahihishana si ufidhuli bali ndiyo kazi yenyewe.

Kamusi elezo hiyo ni Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Nusu ya kwanza ya jina lake ni neno la watu wa Hawaii lenye maana ya haraka. Halina udugu na wiki ya siku saba, ijapokuwa ziko makala humo zinazokaa wiki nyingi bila kuguswa na mtu. Tawi la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003, na makala zake zimepita 70,000. Lakini jambo linalotakiwa kupimwa hapa si wingi wa makala. Ni swali la haki: katika kitabu ambacho kila mtu ana ruhusa ya kuandika, ni nani anayestahili kusadikiwa?

Swali hili haliwezi kujibiwa bila kuzitazama kwanza zana za kazi, maana katika kamusi hii zana zimebeba maadili ndani yake kama jembe lilivyobeba mpini. Kila ukurasa una mahali pa kuhariri. Nyuma ya ukurasa kuna historia yake, ambamo kila mabadiliko yamewekwa kwa saa na tarehe, pamoja na jina la aliyeyafanya. Mtu akifuta aya ya mwenzake, aya ile haikufa. Imelala katika historia, na yeyote apendaye anaweza kutengua ufutaji ule na kuirudisha ilipokuwa. Isipokuwa mkabidhi, yaani mhariri aliyeaminiwa na wenziwe kwa madaraka zaidi, auondoe ukurasa mzima au sehemu ya historia yake, hapana neno linalopotea. Kando ya ukurasa kuna uwanja wa majadiliano, ambapo wanaohitilafiana hutakiwa kukutana na kutoa sababu zao kabla ya kurudishiana maneno kama watoto wanaovutana kamba. Tena, mhariri anapohifadhi kazi yake huombwa aeleze kwa maneno machache alichobadili na kwa nini.

Mtu akizitazama zana hizo kwa makini ataona kuwa zimetengenezwa na watu waliojua udhaifu wa binadamu. Hazikudhani kwamba waandishi watakuwa wema wala wajuzi. Zilidhani kwamba watakosea, na kwamba wengine watakosea kwa makusudi, zikaweka njia nyepesi ya kurudi nyuma. Kusahihisha kulikuwa sawa na kung'oa mti. Humu ni sawa na kufunga mlango ambao ufunguo wake umetundikwa hapo hapo ukutani. Hofu ya mwenye adabu inapungua, na pamoja nayo udhuru wake wa kunyamaza.

Zana moja inastahili kutajwa peke yake, nayo ni kigezo. Kigezo ni maandishi yanayotungwa mara moja na kuonekana katika kurasa nyingi, kama muhuri mmoja upigwao juu ya barua elfu. Chini ya ukurasa wa kila kata ya Wilaya ya Serengeti kuna kigezo chenye orodha ya kata zote za wilaya hiyo. Mhariri akikisahihisha mahali pamoja, kurasa zote zimesahihishwa. Lakini muhuri haujui unachokigonga. Mwaka 2007 Wilaya ya Rorya ilikatwa kutoka Tarime, na kila maandishi ya zamani yaliyosema kwamba kata fulani ya ufukoni mwa ziwa ni ya Tarime yakawa ya uongo siku hiyo hiyo, bila aliyeandika kuwa mwongo. Penye kigezo kosa la namna hiyo huponywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono ule ule kosa jipya huweza kupandwa katika nyumba thelathini kwa usiku mmoja.

Msomaji akizitafuta Sirari, Muriba na Nyamwaga za Tarime, au Machochwe, Natta na Ring'wani za Serengeti, atakuta kila moja ina ukurasa wake wa Kiswahili. Atafurahi, kisha atasoma, na furaha itapungua. Ukurasa humwambia kwamba mahali hapo ni kata ya wilaya fulani katika Mkoa wa Mara, humpa namba ya posta, na humwambia kwamba katika sensa ya mwaka 2012 kata hiyo ilikuwa na wakazi wapatao idadi fulani. Neno "wapatao" lina kichekesho chake. Ni neno la makadirio, nalo limewekwa mbele ya hesabu isiyopungua mtu mmoja, kana kwamba mtu angesema kuwa mfukoni ana shilingi zipatazo elfu moja na saba. Nalo limerudiwa katika kata baada ya kata, maana sentensi ile ilitoka katika umbo moja. Mkoa mzima wa Mara ulikuwa na watu 1,743,830 katika sensa ile, na katika sensa ya 2022 walikuwa 2,372,015. Ukurasa uliobaki na hesabu ya kwanza, basi, umewaacha nje watoto wote waliozaliwa tangu hapo.

Haifai kuwacheka waliozifanya kurasa hizo. Walikuwa wachache, wa kujitolea, na waliona afadhali kila kata iwe na mlango kuliko kata kumi ziwe na majumba na nyingine zisiwe na kitu. Wala hawakudai kuwa wamemaliza. Chini ya ukurasa mfupi waliweka tangazo kwamba makala hiyo bado ni mbegu, jina zuri kuliko lile la Kiingereza, ambalo maana yake ni kipande kilichosalia. Kwa Kiswahili makala fupi haikukatwa, bali haijaota. Tangazo lile humwuliza msomaji kama anajua lolote juu ya mahali hapo, historia yake, taasisi zake au watu wake, na humwalika aongeze.

Hapo ndipo fundo linapofungwa. Na achukuliwe kijana mmoja wa Ring'wani, Mngoreme, aliyeusoma ukurasa wa kata yake kwenye simu na kuuona mwaliko ule. Hakuna asiyeelewa kwa nini kata ya jirani inaitwa Majimoto. Jina linajieleza kwa kila ajuaye Kiswahili, na chemchemi zenye moto zipo. Lakini jina la Ring'wani halijielezi. Kijana anamwendea babu yake, anamwamkia, anakaa, anauliza. Babu anamweleza asili ya jina, nani walifika kwanza, walitoka wapi, na kwa nini walihama kilima kimoja wakaenda kingine. Kijana anayaandika yote kwa lugha safi na kuyaweka katika ukurasa. Baada ya siku mbili hayapo. Mhariri asiyejulikana, mwenye jina la kujipa, ameyaondoa na kuandika neno moja la sababu: chanzo?

Kamusi hii ina kanuni kubwa ambazo lugha nyingi zimezipokea: kwamba mwandishi asiegemee upande, kwamba kila neno linaloweza kubishaniwa liwe na chanzo ambacho msomaji anaweza kukitafuta na kukiona, na kwamba asiweke humo utafiti wake mwenyewe ambao haujatangazwa mahali pengine. Kwa kanuni hizo mhariri yule hakukosea. Kijana, naye, ana haki ya kuhisi kwamba amealikwa karamuni na kufukuzwa mlangoni. Aliulizwa kama anajua. Alipojibu kwamba anajua, akaambiwa kwamba kujua kwake si kujua, kwa kuwa hakukupigwa chapa.

Malalamiko yake yana nguvu, kwa kuwa karatasi si shahidi mwaminifu kuliko mzee. Karatasi huona kile tu ambacho mwenye karatasi alikwenda kukitazama. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael vikalieneza jina lake ulimwenguni. Vyanzo vilivyopigwa chapa juu ya nyumbu na simba wa nchi ile vinaweza kujaza chumba. Lakini Waikoma, Wanatta na Waisenye, ambao waliwinda, walilima na kuzika wafu wao upande wa magharibi wa mbuga hizo, wameingia katika vitabu vingi vya namna hiyo kwa jina moja tu, majangili. Msomaji huambiwa kila mahali kwamba Serengeti ni neno la Kimasai lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Majina ambayo watu wa magharibi waliipa mito na vilima vile vile ni vigumu kuyakuta. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, makabila hayo matatu yamepewa alama moja na jina moja lililoungwa kwa vistari, Ikoma-Nata-Isenye, kama mizigo mitatu iliyofungwa kamba moja ili ibebwe kwa urahisi. Wataalamu wa lugha walikuwa na sababu zao, na ukaribu wa misemo hiyo ni wa kweli. Hata hivyo mhariri mwenye orodha ile mkononi anaweza kumsahihisha Mwisenye juu ya jina la lugha ya mama yake, na kanuni ikamuunga mkono mhariri.

Kama hoja ingekomea hapo, hukumu ingekuwa nyepesi: kanuni ni mbaya, mzee aandikwe. Lakini na itazamwe Tarime. Huko swali la nani alifika kwanza katika bonde fulani si swali la makumbusho. Wairege na Wanyabasi, Wanchari na Walyanchoka, wamepigana kwa nyakati mbalimbali juu ya mipaka na ng'ombe. Watu wamekufa na nyumba zimechomwa. Kila ukoo una wazee wake, na kila mzee ana habari ya kuhama kwa babu zake, na habari hizo hazikubaliani. Je, ukurasa wa kata iliyo mpakani uandike ya nani? Yule mwenye simu ataandika ya kwake usiku. Mwenzake ataitengua asubuhi. Na siku moja mtu ataupeleka ukurasa ule mbele ya baraza la ardhi na kusema kwamba kamusi ya ulimwengu imeshuhudia shamba ni lake. Mbele ya hatari hiyo, neno lile dogo la mhariri, "chanzo?", laonekana kama ngao.

Nyamongo ni mfano mgumu zaidi. Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu kadhaa walioingia katika mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwenye mgodi alikuwa na maelezo yake, polisi walikuwa na yao, na jamaa za marehemu walikuwa na yao waliyoyasema kwa vilio, mengine yakafika baadaye mpaka mahakama za London. Kampuni ina ofisi ya kuandika taarifa, mjane hana. Kanuni ya chanzo ikifuatwa kwa upofu humpa nafasi zaidi mwenye ofisi. Isipofuatwa, ukurasa huwa uwanja wa matusi ambamo hata kilio cha mjane hakisadikiwi, kwa sababu kimechanganywa na uvumi. Hapa uadilifu hautaki mwandishi achague kati ya karatasi na mdomo. Unamtaka aseme wazi, kwa kila neno, ni nani aliyelisema, na asiiite kauli ya upande mmoja ukweli uliokwisha kukatwa.

Na kwa kweli hilo si jambo geni huko Mara. Katika iritongo, baraza la wazi la Wakuria, mtu haongei kama sauti itokayo hewani. Anasimama mbele ya watu wanaomjua yeye, baba yake, ng'ombe wake na uongo aliosema zamani ikiwa aliusema. Neno lake lina uzito kwa sababu lina uso, na uso huo utapatikana kesho. Babu wa Ring'wani mwenyewe, mjukuu akimletea habari ya ajabu kutoka Mugumu mjini, hatauliza kwanza kama ni kweli. Atauliza, umeyasikia kwa nani? Yule mhariri wa mbali na mzee huyu wanauliza swali moja. Tofauti ni kwamba mzee anauliza penye nyuso, na mhariri anauliza mahali ambapo kila mtu amevaa kinyago. Penye vinyago karatasi imewekwa badala ya uso, si kwa sababu ni bora, bali kwa sababu hapana kingine cha kushika.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika elimu ya hadithi za Mtume neno halipokelewi kwa kuwa limeandikwa. Hupokelewa kwa mnyororo wa waliolipokeza, na kila pete ya mnyororo huchunguzwa, jina lake, tabia yake, na kama kweli aliwahi kukutana na yule anayemtaja. Ushahidi wa mdomo, basi, haukukosa sheria. Wanaoukataa kwa sababu hauna sheria hawakuzitafuta, na wanaoudai uingizwe bila sheria huudhalilisha kuliko wanaoukataa.

Wapo waliojaribu kupasua njia. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India na wenziwe waliwarekodi watu wa vijiji vya India na Afrika Kusini wakieleza mambo yasiyokuwa vitabuni, mathalani michezo ya watoto na vinywaji vya kienyeji, kisha rekodi hizo zikawekwa kuwa vyanzo vya makala. Baadhi ya wahariri walizipokea, wengine wakasema kwamba huo ni utafiti mpya uliopita mlango wa nyuma, na mjadala haukwisha. Hata hivyo jaribio lile lilionyesha kwamba uso unaweza kuhifadhiwa: sauti ya mtu, jina lake, mahali pake na siku aliyosema.

Na kabla ya intaneti kuzaliwa, wanahistoria walikwisha kuifanya kazi hii kwa kalamu. Jan Vansina aliandika juu ya kanuni za kupima mapokeo ya mdomo mwaka 1961. Isaria Kimambo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliisimamisha historia ya Wapare juu ya maneno ya wazee, nayo ikatoka mwaka 1969. Kwa Mara yenyewe kuna jambo la kutafakari zaidi. Wenyeji wa Mara ya kusini walikuwa wameandika historia za watu wao kwa mikono, kwa Kiswahili, katika madaftari yaliyokaa majumbani. Jan Bender Shetler, Mmarekani, aliyakusanya baadhi ya maandishi ya namna hiyo, yakachapishwa mwaka 2003 na kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi. Tangu siku ile maneno ya wazee wale yamekuwa chanzo. Hakuna neno lililokuwa kweli zaidi baada ya kuvuka bahari kuliko lilivyokuwa ndani ya daftari, lakini mhariri sasa hana la kuuliza. Bei ya kitabu hicho, kama ya vitabu vingi vya namna yake, haimfai mkulima wa mtama.

Kanuni, basi, haikumdhulumu kijana wa Ring'wani. Waliomdhulumu ni wale waliopaswa kufika kwa babu yake kabla ya mhariri na hawakufika. Vyuo vikuu vya Tanzania hutoa kila mwaka wanafunzi wa historia na wa Kiswahili ambao hutakiwa kuandika tasnifu. Tasnifu moja juu ya majina ya kata za Serengeti, yenye majina ya wasimulizi na hitilafu zao zilizoelezwa bila upendeleo, ikiwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, ingezilisha mbegu nyingi kwa msimu mmoja. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili kwa zawadi. Makala zikaongezeka, zawadi zikatolewa, na wengi wa washindani hawakurudi. Zawadi huleta mikono. Haileti mtu wa kukaa na babu mchana mzima akingoja akumbuke jina la mto.

Mhariri naye ana deni lake, dogo lakini la kila siku. Alipoyakuta maneno ya kijana alikuwa na njia mbili. Alichukua ile ya kufuta kwa neno moja. Ya pili ilikuwa kuyahamisha maneno yale mpaka uwanja wa majadiliano, kumweleza kijana kwa upole ni kitu gani kinachokosekana, na kumuuliza babu ni nani, wa ukoo gani, na kama yupo mzee mwingine anayesema vingine. Njia hiyo humtaka dakika kumi, na kwa mhariri mwenye kurasa mia za kuangalia dakika kumi ni nyingi. Lakini mgeni aliyefutiwa mara moja bila sababu iliyoeleweka haji mara ya pili, na lugha yenye wahariri wachache haina akiba ya wageni.

Maneno ya kijana bado yamo katika historia ya ukurasa, chini ya tarehe ya siku aliyoyaandika na jina alilolitumia. Mtu yeyote anaweza kuifungua historia ile, kuyasoma, na kuyahamisha kwenda majadiliano. Kijana hajui kwamba yamo, na babu yake, ambaye hajauliza tena habari ya simu ile, ana umri mkubwa.